Unga Mwekundu

Kila alasiri, Tahiya akitoka madrasa, alipanda mbio hadi ghorofa ya tatu kuweka juzuu yake, akashuka tena mbio hadi chini ya jumba. Hapo alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda kando ya rafiki yake Ilham, na wote wawili wakaanza kumenya mbatata.

Mama yake Ilham, Bi Kidawa, aliuza urojo chini ya jumba lao la Michenzani. Alikuwa mtu wa Makunduchi, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi. Akishachanganya mchuzi wake wa ukwaju, akatia bajia, kachori na mbatata, akamwagia chatne ya nazi juu yake, watu walipanga foleni mpaka barabarani. Waliokuwa na haraka walikula wamesimama.

Tahiya alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake waliishi kisiwani Tumbatu, naye aliletwa mjini kusoma. Aliishi na bibi yake, Bibi Sichana, pamoja na Ami Shaame, mdogo wake baba, ambaye alikuwa fundi wa pikipiki. Katika jumba lile kila mtu alimjua mwenzake, na sufuria ya mtu mmoja ilipikia harusi za watu wote.

Lakini mwaka ule mambo yalibadilika. Nchi ilikuwa inajiandaa kupiga kura ya maoni. Wananchi waliulizwa swali moja tu: katiba mpya ikubaliwe, ndiyo au hapana? Aliyezidi kuuchochea moto alikuwa kiongozi mpya aliyeitwa Nadir Makungu. Alikuwa bado kijana, na miaka michache nyuma hakuna aliyelijua jina lake. Sasa alizunguka Unguja nzima, leo Fumba, kesho Mtoni, akiwaomba watu waseme Ndiyo. Waliompenda walisema, “Huyu ndiye damu mpya.” Waliomshuku waliuliza, “Katokea wapi huyu? Nani kamtuma?”

Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kupimana kwa macho. Mtu akikusalimu kwa furaha, ulijiuliza anataka nini. Akipita kimya, ulijiuliza anaficha nini. Muuza duka aliihamishia redio yake chumba cha ndani ili isijulikane anamsikiliza nani. Vijana wa Hapana waliweka benchi lao upande mmoja wa barabara, na vijana wa Ndiyo wakaweka lao upande wa pili. Hata darasani watoto waliulizana kwa kunong’ona, “Kwenu upande gani?”

Ami Shaame alikuwa mkubwa wa benchi la Hapana. Bi Kidawa alikuwa Ndiyo, na alibandika picha ya Nadir Makungu ukutani, nyuma ya meza yake. Hata hivyo, Ami Shaame hakuacha kwenda kula urojo.

“Bi Kidawa, nipe bakuli langu,” alisema siku moja alasiri. “Na huyo kijana wako wa ukutani asininyime nyama.”

“Huyo hana mkono, ana mdomo tu kama wewe,” Bi Kidawa alijibu, na waliokuwapo wakacheka.

Hakucheka Nahodha. Huyu alikuwa kijana wa benchi la Hapana, mwembamba, mwenye simu mkononi saa zote. Alimvuta Ami Shaame pembeni.

“Kaka Shaame, siku hizi chakula cha mtu kinataka kuangaliwa,” alisema. “Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukilala kitandani siku ya kura, nani atawatoa watu majumbani?”

“Nnakula hapa tangu sijaota ndevu,” Ami Shaame alijibu. “Siasa mbali, tumbo mbali.”

Bi Kidawa alijifanya hakusikia. Alifungua kikopo, akachota unga mwekundu wa pilipili, akaunyunyiza juu ya bakuli kama Ami Shaame alivyopenda. Ami Shaame alimsogezea Tahiya.

“Onja, tuone kama unaweza.”

Tahiya alikula vijiko viwili. Machozi yakamtoka, Ilham akacheka mpaka akaangusha kisu. Nahodha aliwatazama wote wanne, kisha akakitazama kile kikopo.

Jioni ile Bibi Sichana alipika pweza wa nazi. Waliposali magharibi, umeme ukakatika. Bibi alikuwa amevaa buibui, anatoka kwenda kumtazama mgonjwa jumba la pili.

“Tahiya!”

“Naam, bibi.”

“Friji haifanyi kazi, na mchuzi wa nazi haungoji. Uchemshe vizuri kabla hujalala, usikie? Tui likilala na joto hili, huharibika.”

“Haya, bibi.”

Tahiya alichukua kiberiti. Mara akasikia honi, ngoma na vipaza sauti. Msafara wa Nadir Makungu ulikuwa unapita. Alikimbilia dirishani. Chini, benchi la Ndiyo lilikuwa linashangilia, benchi la Hapana linazomea, na taa za magari zilimulika hadi kwenye kuta za majumba. Msafara ulipomalizika, macho yake yalikuwa mazito. Akalala bila ya kukumbuka sufuria.

Asubuhi, Bibi alikuwa amefunga saumu ya sunna, naye alikuwa chumbani akisoma Kurani. Ami Shaame alivaa haraka kwenda kazini.

“Tahiya, kuna kitu cha kulia boflo?”

“Kuna pweza, ami.”

Tahiya alifunua sufuria. Juu ya mchuzi kulikuwa na mapovu madogo, na harufu yake ilikuwa kama ya maziwa yaliyolala. Alimwona Bibi akilini, akimwuliza kwa sauti yake ya upole ambayo ilikuwa mbaya kuliko kofi: Nilikwambia nini jana? Tahiya aliwasha jiko, akaupasha mchuzi kidogo, akakamua ndimu mbili na kuongeza pilipili. Harufu ikapungua. Akampakulia.

“Leo mchuzi mchachu,” Ami Shaame alisema, huku akichovya mkate wake wa boflo.

“Nimetia ndimu, ami.”

“Umefanya vizuri.”

Tahiya mwenyewe alikunywa chai kavu, akamwaga mchuzi uliobaki, akasugua sufuria mpaka ikang’aa, kisha akaenda skuli.

Aliporudi mchana, alikuta viatu vingi mlangoni. Ami Shaame alikuwa amelala juu ya mkeka, uso umempauka, ndoo iko kando yake. Alikuwa ametapika na kuharisha tangu saa nne, na sasa hata kusimama hakuweza. Nahodha na kijana mwenzake walimbeba kumshusha ngazi, Bibi akabaki kumkusanyia nguo, na Tahiya akafuata na chupa ya maji mpaka kituo cha afya.

Daktari Bashira, mwanamke mfupi mwenye miwani, alimtundikia dripu kwanza, ndipo akauliza.

“Amekula nini tangu jana?”

“Urojo!” Nahodha alidakia. “Katiliwa kitu na mwanamke wa Ndiyo.”

“Nimeuliza alichokula. Sikuuliza aliyempa anapigia kura nini,” Daktari alisema. Akamwinamia mgonjwa. “Na leo asubuhi?”

“Chai,” Ami Shaame alisema kwa taabu. “Na...” Tumbo likamsokota, akageukia ndoo.

“Huo urojo, daktari!” Nahodha alisema tena. “Huna haja ya kuuliza mengi.”

Daktari Bashira aliwatazama wote, mmoja mmoja. Macho yake yalipofika kwa Tahiya, yalisimama kidogo. “Kuna mtu wa nyumbani hapa anayejua alikula nini asubuhi?”

Tahiya aliitazama sakafu. Alitaka kusema. Wakati ule muuguzi akamwita Daktari chumba cha pili, na swali likabaki bila ya jibu.

Nje ya kituo, Nahodha alimnunulia Tahiya juisi ya miwa. Jambo hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi, kwa sababu Nahodha alikuwa hajawahi kumnunulia mtu kitu.

“Tahiya, wewe ni mtoto mkweli,” alianza. “Jana ulikuwapo. Ulimwona Bi Kidawa akitia unga katika bakuli la ami yako?”

“Nilimwona.”

“Unga wa rangi gani?”

“Mwekundu.”

“Basi sema hivyo hivyo hapa.” Alimsogezea simu mdomoni. “Watu wetu wanataka kujua. Husemi uongo. Unasema ulichokiona.”

Tahiya alisita. Lakini kusema habari za urojo kulikuwa kwepesi kuliko kusema habari za pweza. Akasema, “Jana nilimwona Bi Kidawa akitia unga mwekundu katika bakuli la Ami Shaame. Ulikuwa...”

Nahodha alikwisha kuondoa kidole kwenye kitufe cha kurekodi. “Ahsante. Inatosha.”

“Lakini ulikuwa wa pilipili! Na mimi nilikula!”

“Nimekuelewa,” Nahodha alisema, akaondoka upesi huku akibonyeza simu.

Kabla ya alasiri, sauti ile ilikuwa imefika kila mahali. Skuli, msikitini, sokoni, watu walisogezeana simu masikioni. Ilipofika Mtoni, ule unga ulikuwa sumu ya panya. Ilipofika Fumba, Ami Shaame alikuwa mahututi, na watu wengine watatu walikuwa wameanguka pamoja naye. Benchi la Ndiyo nalo likatoa habari yake: kwamba Ami Shaame hakuwa mgonjwa hata kidogo, alikuwa amejificha ili watu wa Hapana wapate kura za huruma. Kila upande ulikuwa na hakika, na hakuna upande uliokwenda kumtazama mgonjwa.

Alasiri Tahiya hakushuka kumenya mbatata. Ilham alipanda mwenyewe, akagonga mlango.

“Tahiya, umesikia wanavyosema?” Pumzi zilikuwa zinampaa. “Njoo uwaambie. Wewe ulikula bakuli moja na ami yako, nami nilikuona.”

“Sijui, Ilham.”

“Hujui nini? Hujui kama ulikula?”

“Bibi kanikataza kutoka,” Tahiya alisema. Bibi hakuwa amemkataza. Bibi alikuwa kituoni na Ami Shaame.

Ilham alimtazama kwa muda. “Ile sauti kwenye simu ni ya nani?” aliuliza polepole.

Tahiya alianza kuusogeza mlango. Ilham alishuka ngazi bila ya kuaga.

Haikupita muda, kelele zikazuka chini. Tahiya alichungulia dirishani. Watu walikuwa wameizunguka meza ya Bi Kidawa, lakini hakuna aliyeshika bakuli. Katikati yao, simu ilikuwa imeinuliwa juu, na sauti yake mwenyewe, nyembamba na safi, ilikuwa inasema: “Jana nilimwona Bi Kidawa akitia unga mwekundu katika bakuli la Ami Shaame.” Kisha inarudia. Kisha inarudia tena.

“Ni pilipili!” Bi Kidawa alikuwa anapiga kelele. Alifungua kikopo, akatia kidole, akalamba. “Hii hapa! Onjeni nyote!”

“Cha leo si cha jana!” mtu mmoja alisema.

Mwengine akaipiga meza teke. Sufuria kubwa iliinama, ikaanguka, na mchuzi wa moto ukamwagika barabarani. Bajia na kachori zilibiringika chini ya viatu vya watu. Vijana wa Ndiyo wakavuka barabara na fimbo. Vijana wa Hapana wakaokota mawe. Ilham alikuwa amemkumbatia mama yake kiunoni, analia.

Mzee mmoja wa msikiti na wanawake wa jumba wakaingia kati, wakafanya ukuta kwa miili yao. “Mkitaka kupigana, tukanyageni kwanza!” wanawake walisema. Vijana wakarudi nyuma, lakini hakuna aliyeliweka chini jiwe lake.

Bibi Sichana alifika wakati watu wanaanza kutawanyika. Alipopanda, alimkuta Tahiya amejikunja nyuma ya mlango, kanga imefunika uso.

“Nini, mjukuu wangu?”

“Bibi, si urojo.” Tahiya alilia mpaka maneno yakakatikakatika. “Ni pweza. Sikumchemsha. Niliona mapovu, nikatia ndimu, nikampa. Bi Kidawa hakufanya kitu.”

Bibi alimfunua kanga usoni. Hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alivaa tena viatu alivyokuwa ndiyo kwanza anavivua.

“Simama twende.”

“Wapi, bibi?”

“Kwa daktari kwanza, maana anatibu asichokijua. Kisha kwa ami yako. Kisha kwa Bi Kidawa.”

“Kawaambie wewe, bibi. Mimi nnaogopa.”

“Naogopa nami,” Bibi alisema. “Lakini mdomo uliosema nusu ndio utakaomalizia.”

Daktari Bashira alimsikiliza Tahiya mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Alipomaliza, alivua miwani.

“Ungeniambia mchana ningeshukuru zaidi. Lakini umekuja,” alisema. “Sasa sikiliza, na ukawafundishe wenzako. Chakula chenye tui kikilala nje na joto, vijidudu huzaana humo. Vingine huacha sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki. Ndimu haiui sumu hiyo. Inaficha harufu tu. Chakula kikiwa na mashaka, humwagwa. Hakisitiriwi.”

Ami Shaame alikuwa kitandani, ameegemea mto, macho yamemwingia ndani. Tahiya alirudia habari yote. Alimtarajia apandishe hasira. Badala yake Ami Shaame alifumba macho.

“Na mimi niliuhisi ule uchachu,” alisema. “Nikasahau. Waliponiambia urojo, nikaona lazima uwe urojo. Nilitaka uwe urojo.” Akafumbua macho. “Meza ya Bi Kidawa imekuwaje?”

Bibi alimweleza. Ami Shaame aliutazama ule mpira wa dripu, kisha akamwuliza Daktari lini ataruhusiwa.

“Dripu hii ikiisha, ukiweza kusimama bila ya kushikwa, utakwenda na dawa zako. Lakini upumzike.”

“Nitapumzika,” alisema. “Nina kazi moja kwanza.”

Siku ya pili asubuhi, Ami Shaame alishuka kwenye teksi mbele ya benchi la Hapana, amejifunga shuka begani, amemshika Tahiya mkono. Vijana walisimama wakamshangilia. Nahodha alikuja mbio.

“Kaka Shaame! Mungu mkubwa! Kaa hapa tukupige picha. Watu wakikuona ulivyokonda, kura zote zetu.”

“Weka simu chini, Nahodha. Mtoto ana maneno.”

Tahiya alisema. Mara mbili ilimbidi aanze upya. Alisema habari za umeme, za pweza, za ndimu. Alisema unga ulikuwa wa pilipili, na kwamba yeye alikula katika bakuli lile lile na hakuumwa. Alisema alikuwa hajamaliza maneno yake pale simu ilipozimwa.

Vijana wakatazamana. Kisha Nahodha akamsogelea Ami Shaame, akasema kwa sauti ya chini, “Kaka, kesho kutwa ni kura. Hatusemi uongo, tunanyamaza tu. Siku mbili. Tukishapiga kura, tutasema kila kitu.”

“Na katika siku mbili hizo yule mama akipigwa jiwe la kichwa?”

“Yule ni wa upande wao.”

“Yule ni jirani yangu,” Ami Shaame alisema. “Mimi nataka Hapana, na nitapiga Hapana. Simwamini Nadir Makungu, na nina sababu zangu. Lakini kama Hapana yangu haiwezi kusimama mpaka nimdhulumu mtu asiye na kosa, basi ni mbovu kuliko yule pweza.”

Vijana wawili walitazama chini. Nahodha alichukua simu yake akaondoka, na siku ile hakurudi.

Ami Shaame na Tahiya walivuka barabara. Bi Kidawa alikuwa kwenye ukumbi mdogo chini ya ngazi, anasugua sufuria iliyobonyea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa pale mchuzi ulipomwunguza. Ilham alikaa kando yake, hakunyanyua uso.

“Shikamoo, Bi Kidawa,” Tahiya alisema.

Bi Kidawa hakuacha kusugua. “Marahaba.”

Tahiya alipiga magoti, akasema yote kwa mara ya tatu. Safari hii ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, kwa sababu alikuwa anautazama ule mkono. “Nisamehe, Bi Kidawa,” alimalizia.

Bi Kidawa aliendelea kusugua. “Jana,” alisema hatimaye, “mtu niliyemlisha bure alipokuwa hana kazi alinitemea mate. Hakuniuliza kitu. Alisikia sauti ya mtoto, ikamtosha.” Akaiweka sufuria chini. “Nimekusamehe kwa sababu umekuja kwa miguu yako. Lakini uchungu haujatoka, nami sitakwambia umetoka.”

Ami Shaame alijikohoza. “Bi Kidawa, watu wote wananitazama. Nipe bakuli la urojo nile hapa hapa, waone.”

Bi Kidawa alimtazama juu mpaka chini, alivyopauka, alivyoegemea ukuta. Mara ule mdomo wake mkali ukamrudia.

“Urojo? Na tumbo hilo? Unataka ufe kweli safari hii, waninyonge? Kaa chini. Utakunywa uji wa mchele bila ya pilipili, na huniambii kitu.”

Akampikia uji. Ami Shaame aliunywa kijiko kwa kijiko, mbele ya benchi la Hapana na benchi la Ndiyo, mpaka bakuli likabaki tupu. Watu walisogea kidogo kidogo. Kijana mmoja wa Hapana, aliyekuwa miongoni mwa walioipindua meza, alileta nyundo akaanza kuinyoosha sufuria. Hakusema samahani, lakini alifanya kazi ile mpaka adhuhuri.

Tahiya alirekodi maneno mapya katika simu ya Ami Shaame, safari hii mpaka mwisho, yakatumwa kila mahali. Hata hivyo hayakufika kote yalikofika ya kwanza. Wako waliosema mtoto kalazimishwa. Wako waliosema Shaame kahongwa. Kwa siku nyingi baadaye, kila aliposikia mtu analisimulia jambo lile kwa makosa, Tahiya alilazimika kusimama na kusema, “Samahani, hivyo sivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwapo.” Wengine walimsikiliza. Wengine waliendelea na safari zao.

Siku ya kura, Bi Kidawa na Ami Shaame walijikuta katika foleni moja, wametenganishwa na watu wanne tu. Walisalimiana, wakaulizana habari za mkono na za tumbo, kila mmoja akaingia akapiga kura yake. Matokeo yalipotangazwa, Ndiyo ilishinda nchini kwa kura chache, lakini katika kituo chao Hapana ilikuwa mbele. Usiku ule benchi moja liliimba na benchi moja lilinyamaza, na hakuna aliyeshika jiwe.

Ilham ndiye aliyechelewa. Skuli alikaa deski la mbali, na akipita ngazini alitazama mbele. Kisha siku moja wakati wa mapumziko alikuja akakaa karibu na Tahiya.

“Unajua kilichoniuma?” alisema. “Si Nahodha. Nahodha tunamjua. Ni kuwa nilipokuuliza, ulisema hujui.”

“Najua,” Tahiya alisema. “Nilijua pale pale.”

Ilham alimmegea nusu ya andazi lake, wakala pamoja.

Jioni ile Tahiya alimweleza Bibi Sichana habari hiyo. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

“Bibi,” Tahiya aliuliza, “na wewe ulipiga kura gani?”

“Hilo halikuhusu,” Bibi alijibu, akatabasamu. “Kura yangu ni siri yangu, na hata ami yako haijui. Lakini nikwambie, mjukuu wangu. Kura ni siri, lakini ukweli unaogusa haki ya mtu si siri. Ukijua jambo linaloweza kumwondolea mtu dhulma, halafu ukalikalia, umeshiriki kumdhulumu. Na Mungu ametukataza kudhaniana vibaya, kwa sababu mwenye shaka haulizi. Huyo ameshahukumu, sasa anatafuta shahidi tu. Wewe usikubali kuwa shahidi wa nusu ya maneno. Ukiwa na neno, liseme lote. Na kama husemi lote, basi nyamaza, kabla mtu hajaichukua nusu yako akaifanya silaha.”

“Nimesikia, bibi.”

“Kusikia umesikia siku nyingi,” Bibi alisema, akampa ungo. “Mimi nitatazama utakavyofanya.”